Wastani wa rangi: kisa cha daftari la lishe na skeli nne za kipimo

Majina ya watu, vijiji na shirika yameondolewa. Tarehe zimesogezwa, na namba za watoto kumi zilizo kwenye jedwali zimerekebishwa kidogo ili wasitambulike, bila kubadili sura ya tatizo.

## Usuli

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo: vijiji sita katika wilaya moja ya Tanzania Bara. Kila baada ya miezi mitatu, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapofika, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipima watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa ule utepe wa kuzungushia mkono. Kwa asiyewahi kuuona: unatafuta nusu ya umbali kati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, unauzungusha utepe bila kuubana wala kuulegeza, halafu unasoma kwenye kidirisha. Kidirishani kuna milimita, na nyuma yake kuna rangi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi kabla ya 125 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 125 kwenda juu ni kijani.

Fomu ya mradi ilikuwa na safu saba: kijiji, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, saa ya kupimwa, rangi, kuvimba miguu, na swali moja la kumuuliza mama ameridhika kiasi gani na huduma. Ili kurahisisha kazi ya kompyuta, karibu kila kitu kiliandikwa kwa namba. Vijiji vilikuwa 1 hadi 6. Mvulana 1, msichana 2. Kijani 1, njano 2, nyekundu 3. Kuridhika kulikwenda kutoka 1 hadi 5.

Milimita hazikuwa na safu. Aliyeitengeneza fomu alifikiri kwa nia njema kabisa kwamba mhudumu anayejitolea asibebeshwe namba tatu wakati rangi moja inatosha.

## Kilichotokea

Niliombwa kuipitia rasimu ya ripoti baada ya awamu ya pili ya upimaji. Ilisema hali ya lishe imeimarika, kwa sababu "wastani wa rangi" umeshuka. Katika kitongoji kimoja, kwa mfano, ulikuwa umetoka 1.4 hadi 1.3, na kwa kuwa 1 ni kijani, kushuka kulihesabiwa kuwa kupona.

Sikushtushwa na hizo. Kilichonisimamisha ni mstari wa kitongoji kingine, ulioonyesha wastani wa 0.9. Namba ndogo kuliko zote kwenye safu ya rangi ni 1. Ukikusanya watoto wote wa kijani nchi nzima, wastani wao hauwezi kwenda chini ya 1. Nikampigia simu kijana aliyeingiza data.

"Kaka, wale ambao hawakuja niliwawekea sifuri, ili seli zisibaki wazi."

Hapo mlango ukafunguka. Katika kitongoji hicho watoto waliosajiliwa walikuwa kumi. Sita walipimwa: watatu kijani, watatu njano. Jumla ya namba zao ni 9, wastani 1.5. Wanne hawakuletwa, wakaandikwa 0, na 9 ikagawanywa kwa 10. Kwa lugha ya ripoti ile, mtoto ambaye hakuna aliyemwona alikuwa na afya njema kuliko mtoto wa kijani.

Nikaangalia safu nyingine. Jedwali la muhtasari, ambalo programu hulitoa yenyewe bila kuuliza swali, lilikuwa limeandika kwa unadhifu: kijiji, wastani 3.4. Safu ya saa ilikuwa na "3", "9", "15:00" na "09:00" zikiwa zimechanganyika. Nikaomba ripoti isitumwe popote, na madaftari ya vijijini yaletwe.

Madaftari yalichukua wiki kadhaa kufika, na kabla hayajakamilika awamu ya tatu ikaanza kwa fomu ileile ya zamani. Katika awamu hiyo mhudumu mmoja alimpima mtoto wa kike akasoma milimita 112. Utepe wake ulionyesha njano. Kwa maelekezo ya fomu, njano ni ushauri wa chakula na kurudi nyumbani. Yeye alimwambia mama, "Mama, huyu nenda naye zahanati leo leo, usisubiri kesho." Zahanati muuguzi akauzungusha utepe wake, akasoma 112, na rangi ikawa nyekundu.

Mkono mmoja, siku moja, milimita zilezile, rangi mbili. Utepe wa mhudumu ulikuwa wa zamani, ambao nyekundu yake iliishia 110. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipandisha mpaka huo kutoka milimita 110 hadi 115, na tepe mpya zikachapwa. Ule mmoja ulikuwa umebaki mkobani.

Kwa nini basi alimtuma mtoto zahanati kama rangi ilikuwa njano? Madaftari yalipofika tulipata jibu. Pembeni ya kila mstari, nje ya safu za fomu, alikuwa ameandika milimita kwa kalamu ya risasi tangu awamu ya kwanza. Kwa mtoto yule ziliandikwa 123, kisha 116, kisha 112. Nilipomuuliza kwa nini alijipa kazi ambayo hakuombwa, alisema rangi inamwambia mtoto yuko wapi, lakini haimwambii anaelekea wapi.

Mwenzake wa kijiji cha pili naye alikuwa akifanya hivyo. Vijiji vinne vilivyobaki vilikuwa na rangi tu.

## Watoto kumi, wakitazamwa mara mbili

Hiki ndicho kitongoji cha "1.4 hadi 1.3". Kushoto ni awamu ya kwanza, kulia ya pili.

| Mtoto | Milimita 1 | Rangi 1 | Milimita 2 | Rangi 2 |
|---|---|---|---|---|
| A | 138 | kijani | 137 | kijani |
| B | 131 | kijani | 128 | kijani |
| C | 142 | kijani | 141 | kijani |
| D | 127 | kijani | 126 | kijani |
| E | 124 | njano | 117 | njano |
| F | 123 | njano | 116 | njano |
| G | 121 | njano | 118 | njano |
| H | 133 | kijani | 130 | kijani |
| I | 123 | njano | 126 | kijani |
| J | 129 | kijani | 127 | kijani |

Kwa rangi, njano wamepungua kutoka wanne hadi watatu. Ukijumlisha namba za rangi unapata 14, kisha 13. Ndiyo hiyo 1.4 na 1.3.

Sasa soma milimita. Jumla ya awamu ya kwanza ni 1,291, wastani 129.1. Jumla ya awamu ya pili ni 1,266, wastani 126.6. Mediani, yaani thamani ya katikati ukiwapanga watoto kuanzia mwembamba hadi mnene, imetoka 128 hadi 126.5. Watoto tisa kati ya kumi wamepungua. Mmoja tu ameongezeka, na kwa bahati huyo alikuwa karibu na mpaka, akaruka kutoka njano hadi kijani akaibeba ripoti nzima.

Tuwe waangalifu hapa. Milimita moja au mbili zinaweza kuwa ni mkono wa mpimaji: leo kabana kidogo, juzi kalegeza. Kwa A, C na D nisingesema lolote. Lakini E na F kila mmoja amepoteza milimita 7 ndani ya miezi mitatu, umri ambao mkono unatakiwa kunenepa. Wote wawili walikuwa njano, wakabaki njano, na kwenye kompyuta mabadiliko yao yalikuwa sifuri. F ndiye mtoto aliyefika zahanati.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: wasiopimwa wakapewa neno lao, "hakuja", na wakaondolewa kwenye hesabu ya waliopimwa. Idadi yao tukaiandika peke yake, kwa sababu watoto wanne wasioletwa kati ya kumi ni habari kubwa kwa mtu wa lishe.

Uamuzi wa pili ulileta mjadala. Nilitaka fomu mpya iwe na milimita tu, na rangi ikokotolewe na kompyuta. Mratibu alinipinga kwa hoja nzuri: mama hahitaji 116, mama anahitaji kuona njano kwa macho yake, na mhudumu anahitaji kitu cha kumfanya achukue hatua papo hapo. Alikuwa sahihi. Tukakubaliana kwamba rangi inabaki pale mkononi mwa mtoto, kwa ajili ya mazungumzo na rufaa, na milimita ndizo zinazoingia daftarini. Rangi haikuingizwa tena kwenye kompyuta kama data ya kupimwa, ilitokana na milimita kwa mipaka ya 115 na 125.

Tatu, ripoti ikaacha wastani wa rangi. Ikaandika watoto wangapi wako kila rangi na ni asilimia ngapi ya waliopimwa, mediani ya milimita, na safu moja tuliyoipigania: watoto wangapi wamepungua kwa milimita 5 au zaidi tangu mara ya mwisho, haijalishi rangi. Hiyo 5 tuliichagua sisi wenyewe ili tuwe juu ya makosa ya kawaida ya mkono, na tuliiandika wazi kwamba ni chaguo letu.

Nne, tepe zote zilikaguliwa, za zamani zikakusanywa.

Tano, safu ya saa ikafutwa, ikawekwa "amesubiri dakika ngapi".

## Uchambuzi

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Harvard, Stanley Smith Stevens, alichapisha makala katika jarida la Science akigawa vipimo katika skeli nne, yaani ngazi nne za kile ambacho namba inaruhusu kufanyiwa. Vitabu vya takwimu huziorodhesha ukurasa wa tatu au wa nne, mwanafunzi anakariri kwa ajili ya mtihani, basi. Fomu yetu ilikuwa na skeli zaidi ya moja, milimita za skeli ya nne zikaachwa pembeni ya daftari, na kila safu ilitendewa kana kwamba ni ya skeli ileile.

Skeli ya majina. Namba ya kijiji ni jina lililovaa vazi la namba. Ukibadilisha kijiji cha 2 kiwe 5 na cha 5 kiwe 2 hakuna kilichoharibika. Unaweza kuhesabu wangapi wako katika kila kundi na kundi lipi lina wengi zaidi. Kijiji cha 3.4 hakipo kwenye ramani yoyote. Jinsi ni hivyohivyo, na kuvimba miguu pia: ndiyo au hapana. Na hiyo safu ya miguu isidharauliwe kwa kuwa ni ya majina. Mtoto mwenye kuvimba miguu yote miwili, dalili ya kwashakoo, ana utapiamlo mkali hata kama utepe unasema kijani. Skeli ya chini haimaanishi taarifa ndogo.

Skeli ya mpangilio. Hapa ndipo kisa chetu kilipolala. Rangi zina utaratibu: nyekundu ni mbaya kuliko njano, njano ni mbaya kuliko kijani. Lakini umbali kati yake haujulikani, na ndani ya rangi moja kuna dunia nzima. Kila Mtanzania aliyefanya mtihani wa kidato cha nne analifahamu hili mwilini. Alama 45 ni C, 64 ni C. Alama 44 ni D. Aliyepata 44 na aliyepata 45 wametofautiana alama moja na wanaitwa kwa herufi tofauti, huku wa 45 na wa 64 wametengana alama 19 na wanaitwa kwa herufi moja. Mtoto E aliyetoka 124 hadi 117 ni mwanafunzi aliyeporomoka kutoka 63 hadi 47, na ripoti ya shule bado inaandika C.

Je, ni haramu kuchukua wastani wa skeli ya mpangilio? Stevens alisema haifai. Wengine wakampinga. Frederic Lord mwaka 1953 aliandika makala mashuhuri kuhusu namba za migongoni mwa wachezaji wa futiboli ya Marekani, hoja yake ikiwa kwamba namba zenyewe hazijui zilikotoka, hesabu itafanyika tu. Na kweli, sisi wenyewe hujumlisha pointi za masomo saba, A ikiwa 1 na F ikiwa 5, ili kupata daraja la kidato cha nne, na nchi inaendelea. Msimamo wangu ni huu: hesabu inaweza kufanyika, lakini lazima useme umbali uliouamini. Kuandika kijani 1, njano 2, nyekundu 3 ni kuamini kwamba hatua kutoka kijani hadi njano ina uzito sawa na hatua kutoka njano hadi nyekundu. Hakuna muuguzi aliyewahi kumlaza mtoto wodini anayeweza kukubali hilo. Mtoto mmoja akitoka njano kuingia nyekundu na mwingine akitoka njano kwenda kijani, wastani hausogei hata kidogo.

Skeli ya masafa sawa. Hatua zake ni sawa, lakini sifuri yake imewekwa na watu. Mfano wa vitabuni ni nyuzi za Selsiasi, na zahanati ina mfano wake: jokofu la chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nyuzi 8 si joto mara nne ya nyuzi 2. Sifuri hiyo ni mahali maji yanapoganda, na Anders Celsius mwenyewe, mwaka 1742, aliipanga kinyume: sifuri pa kuchemka, 100 pa kuganda. Ikageuzwa baadaye, na majokofu hayakuona tofauti.

Sisi Waswahili tuna mfano ulio karibu zaidi, nao ndio uliotuharibia safu. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, saa ya kwenye simu huanza usiku wa manane. Mhudumu mmoja aliandika "saa 3" kama anavyosema, mwingine akaandika "09:00" kama simu inavyosema, na wote wawili walikuwa wakizungumzia muda uleule wa asubuhi. Walitofautiana mahali pa sifuri tu. Ndiyo sababu huwezi kusema saa 4 ni mara mbili ya saa 2: katika simu, hizo ni 10:00 na 08:00, na "mara mbili" imeyeyuka. Tofauti yake lakini haikuyeyuka, ni saa mbili kwa hesabu zote. Ukiuliza mama amesubiri muda gani, umeondoka kwenye skeli hii na kuingia inayofuata. Dakika 60 za foleni ni mara mbili ya dakika 30, na sifuri yake ni sifuri kweli: hakusubiri.

Skeli ya uwiano. Milimita, kilo, umri kwa miezi, idadi ya watoto kaya. Baadhi ni za kuhesabu, hazina nusu (huwezi kuwa na watoto wawili na robo), nyingine ni za kupima na zinaweza kukatwa kadiri chombo kinavyoruhusu. Zote zina sifuri ya kweli, na zinavumilia mengi. Tulipoanza fomu mpya nilisahau kuandika kipimo juu ya safu, kwa hiyo awamu ya nne ilileta "123" kutoka kijiji kimoja na "12.3" kutoka kingine, sentimita. Hilo lilikuwa kosa langu. Lilirekebishwa kwa dakika chache: zidisha kwa 10. Mkono wa sentimita 12.3 na wa milimita 123 ni mkono mmoja.

Linganisha na vijiji vinne vyenye rangi tu. Ukiwa na milimita unaweza kupata rangi wakati wowote, kwa mpaka wa zamani au mpya, hata kama kesho mpaka utahamishwa tena. Ukiwa na "njano" huwezi kupata milimita. Kushuka ngazi za skeli ni jambo la sekunde, kupanda ngazi hakuwezekani bila kurudi kumshika mtoto mkono. Na vijiji hivyo vilikuwa na shida nyingine: hatukujua ni njano ya utepe upi.

## Matokeo

Mtoto F alianzishiwa chakula cha tiba siku ileile, akahudhuria kliniki kila wiki na kutoka kwenye matibabu akiwa amevuka 125. E na G walifuatiliwa nyumbani kwa sababu ya safu ya "aliyepungua milimita 5 au zaidi" na kwa sababu mhudumu alikuwa tayari amewatilia shaka. G alikuwa amepungua 3 tu, kwa hiyo kanuni yetu isingemkamata, jicho la mhudumu ndilo lililomkamata.

Ripoti iliyotumwa hatimaye haikusema hali imeimarika. Kwa vijiji viwili vyenye milimita ilionyesha watoto wanapungua katika miezi ya kabla ya mavuno, na mradi ukasogeza siku za mafunzo ya lishe zitangulie miezi hiyo. Kwa vijiji vinne iliandika idadi ya watoto kwa kila rangi, ikaeleza habari ya tepe, na kutamka kwamba awamu tatu za mwanzo haziwezi kulinganishwa na zilizofuata. Mstari wao wa kuanzia ni awamu ya nne.

Lile daftari la kalamu ya risasi lilinakiliwa, likarudishwa kwa mwenyewe. Fomu mpya ina safu ya milimita mahali palepale alipokuwa akiandika yeye, upande wa kulia, na juu yake sasa imeandikwa "mm".